Mtungi Uliovishwa Mapema

Maximilla alimwaga chai mezani kwa mara nyingine, na safari hii hakumwomba mtu msamaha. Birika alilishika vizuri, kikombe alikilenga vizuri, lakini chai ikatua hapo mbele ya kikombe, kana kwamba kikombe kilikuwa kimesogea kidogo kumkwepa. Roda, mke wa kaka yake, aliruka na kitambaa.

"Wifi, hebu niachie nimimine mimi."

"Nyumba ni yangu, birika ni langu, chai ni yangu," Maximilla akamjibu. "Nikitaka kuimwaga nitaimwaga."

Roda akapangusa meza kimya. Wewe unakijua kimya cha mtu aliyekuja na neno na hajui alianzie wapi. Ndicho hicho.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tano, na jani la muwa lilikuwa limemchukua Maximilla jicho la kushoto miezi michache tu iliyopita. Watu wasioishi na miwa hudhani muwa ni utamu mtupu. Jani lake ni wembe, mwenzangu. Maximilla alikuwa amekwenda Butali kuwajulia hali ndugu za marehemu mumewe, akakata njia katikati ya shamba, upepo ukavuma, jani likampiga usoni, basi. Madaktari wa misheni walilipigania lile jicho mpaka wakachoka, kisha nesi mmoja mpole akamwambia, "Mama, utazoea." Atazoea! Ungemwona akijaribu kutunga uzi kwenye sindano ungelia, au ungecheka, kutegemea roho yako. Alimpa jirani mkono wa salamu akashika hewa. Alikanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Hata kuku waliijua habari yenyewe, wakawa wanadonoa mahindi hapo hapo miguuni pake bila wasiwasi, maana kofi lake lilikuwa likipita kando.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini Maximilla alikuwa mfinyanzi, tena mfinyanzi wa Ilesi, pale barabarani ambapo vyungu hupangwa kando ya lami na wasafiri husimamisha magari kuvitazama. Na vyungu vyake sasa vilikuwa vikitoka vimebonyea tumbo upande mmoja. Vingine viliinama kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Sema ulilokuja nalo, Roda."

Roda akakikunja kitambaa. "Ni ule mtungi wa Muhonja. Nimemwomba mama Kageha afinyange mwingine. Wa akiba tu."

"Akiba ya nini?"

"Wifi, wacha nikuambie ukweli. Naogopa. Huyu Titus anayemwoa ana mashangazi kule Lugari, wanawake wa macho makali. Mtoto wangu akitoka na mtungi uliopinda, watauzungumza mpaka wajukuu waje wayakute hayo mazungumzo."

Ikabidi Maximilla akae chini. Katika ukoo wao binti akiolewa hutoka nyumbani kwa mama yake na mtungi wa maji kichwani, na mtungi huo hufinyangwa na senge yake, yaani dada ya baba. Haufinyangwi na jirani, wala haununuliwi sokoni. Maximilla mwenyewe aliolewa na mtungi wa senge yake, akarudi nao alipofiwa, na mpaka leo alikuwa akiunywea maji. Yeye hakujaliwa mtoto. Kaka yake Were alikuwa na binti mmoja tu, Muhonja. Kwa hiyo katika maisha yake yote Maximilla angefinyanga mtungi wa namna hiyo mara moja, na mara yenyewe ndiyo hii.

"Mimi ndiye senge," akasema.

"Najua."

"Basi mwambie Kageha apumzike."

 Roda alikunywa chai iliyobaki, akaaga, akaenda zake. Maximilla akabaki anakitazama kikombe. Akakinyooshea mkono, akakikosa kwa upana wa kidole. Aliumia, tena aliumia vibaya.

Yule Kageha, kwa wasiomjua, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafinyanzi pale, bibi mfupi mwenye mdomo usio na mlango. Vyungu vya kikundi vilichomwa pamoja, kwenye moto mmoja mkubwa wa kuni na nyasi, na hakuna chungu kilichoingia motoni kabla Kageha hajakizunguka na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Hakuwa akifanya hivyo kwa ukatili. Chungu kibaya hupasuka motoni na vigae vyake huua vyungu vilivyo jirani. Cha Maximilla cha mwisho, Kageha alikivunja kwa teke, mbele ya watu wote.

"Mkono unajuanga unene," alimwambia siku hiyo. "Umbo linajuliwanga na jicho. Na wewe umebaki na nusu. Chimba udongo, mwanangu, beba kuni. Hiyo pia ni kazi."

Kumwambia Maximilla abebe kuni! Mwanamke ambaye vyungu vyake vilisifiwa kwa ulaini mpaka watu walikuwa wakivipapasa kama shavu la mtoto! Alikuwa na jiwe lake la mtoni, dogo, jeusi, la kusugulia, na hapakuwa na mwingine Ilesi aliyeweza kulitumia jiwe kama yeye. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amefura, hakusalimia mtu njiani.

Lakini hasira ya Maximilla ilikuwa na tabia moja nzuri. Ikishapoa, iligeuka kuwa udadisi. Akaanza kujichunguza. Kwa nini kikombe kinamkwepa? Kikombe chenyewe anakiona, rangi yake anaiona, hata ufa wake anauona. Kilichopotea ni nini hasa?

Jibu la kwanza lilimjia akitoka kuchanja kuni kando ya msitu. Alikuwa amesimama kupumua, akiutazama msitu, na msitu wote ulikuwa umelala bapa mbele yake kama picha ya kalenda. Shina hili liko mbele ya lile, au lile liko mbele ya hili? Hakujua. Kisha akaanza kutembea, na hapo, mama yangu! Picha ikafunguka. Mashina ya karibu yakapita mbio kinyume chake, ya nyuma yakapita taratibu, na kilima kule mbali kikawa kinatembea naye bega kwa bega. Kila mti ukajitenga na mwenzake, ukakaa mahali pake. Akasimama. Msitu ukajikunja tena ukawa kalenda. Akatembea, ukafunguka.

"Ala!" akasema peke yake.

Tangu siku hiyo Maximilla akawa mtu wa kuyumba. Kabla ya kumimina chai alikisogeza kichwa kushoto, akakirudisha kulia, na kikombe kikatulia mahali pake. Kabla ya kushuka ngazi aliyumba. Akizungumza nawe aliyumba. Kuku wa kwanza kupigwa kofi la kweli alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Maximilla ameingiwa na pepo, na Roda akamuuliza kwa uoga kama amehamia kanisa jipya.

"Nimehamia kwa jicho langu," akamjibu. "Ibada yetu ndiyo hii."

Akiwa na furaha hiyo akaurudia ufinyanzi. Na hapo furaha ikamwisha.

Wafinyanzi wa zamani, akiwemo Kageha, hukiweka chungu chini na kukizunguka wenyewe, wameinama, wakirudi kinyumenyume huku mikono ikipandisha udongo. Maximilla aliyaogopa mambo ya kurudi nyuma na jicho moja. Alikuwa na meza yake ndogo ya kuzunguka, ambayo fundi wa gereji alimtengenezea kwa sinia la chuma na beringi ya gari kuukuu, na chungu ndicho kilichozunguka, yeye akakaa. Akafinyanga, akasugua kwa jiwe lake mpaka udongo ukang'aa, akayumba kushoto, akayumba kulia. Chungu kikabaki bapa kama chapati iliyosimama. Akaizungusha meza. Chapati. Ukingo ulikuwa unachezacheza, ndiyo, lakini beringi yenyewe ilikuwa imelegea na kila kilichowekwa juu yake kilicheza. Kama tumbo limebonyea, limebonyea wapi? Kama kimeinama, kinamwinamia yeye au kinamkimbia? Mti aliuita kwa kuyumba, ukaja. Chungu kilikataa kuja.

Basi akawa anakaa mbele ya kile chungu akikiyumbia kama mwendawazimu, na machozi yanamtoka kwenye jicho zima na kwenye bovu pia. Kwa nini miti, na kwa nini si chungu?

Muhonja ndiye aliyemkuta hivyo. Alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana mwembamba, mcheshi, asiyependa kuona mtu akilia bila kumtania kidogo. Alikuja jioni moja, giza likianza kuingia, kumletea senge yake tenga la kuku lililosukwa kwa fito nyembamba. Akakuta taa ya karabai imewashwa na senge amekaa akiukodolea macho ukuta uliopakwa chokaa upya kwa ajili ya wageni wa harusi.

"Senge, ukuta umekukosea nini?"

"Muhonja, nitakufinyangia mtungi wa kukuaibisha," Maximilla akasema, akaangua kilio.

 Muhonja alitafuta mahali pa kuliweka tenga, akaona kuku watalichafua, akalitundika kwa kamba kwenye boriti. Tenga likawa kati ya taa na ukuta. Kivuli chake kikaanguka kwenye chokaa, fito zimepitana huku na huku kama wavu ulioanikwa. Kisha kamba iliyojisokota ikaanza kujisokotoa, na tenga likazunguka.

Wote wawili wakageukia ukutani.

Ule wavu ukutani ulikuwa umevimba. Haukuwa wavu tena. Lilikuwa tenga, lina tumbo, lina mbele na nyuma, linazunguka ndani ya ukuta kana kwamba ukuta ni maji.

"Unaona ninachoona?" Maximilla akauliza.

"Naona tenga."

"Wapi?"

"Pale," Muhonja akaonyesha ukutani, kisha akashtuka. "Lakini pale hakuna tenga, senge. Pale kuna kivuli. Kivuli hakina tumbo."

"Na wewe una macho mawili."

"Mazima kabisa."

Maximilla akasimama, akayafuta machozi kwa upindo wa leso.  Mtu wa macho mawili anatazama ukuta bapa na anaona kitu kizima, kwa sababu tu fito zinatembea. Akalishika tenga likatulia, na ukutani ukarudi wavu. Akaliachia, likavimba. Alifanya hivyo tena na tena mpaka Muhonja akasema kamba itakatika.

"Linazungukia wapi?" Maximilla akauliza.

"Kulia."

"Kushoto, wewe!"

"Kulia, senge. Tazama."

Wakabishana pale kama watoto, mpaka Muhonja akapiga yowe. "Limegeuka! Haki, limegeuka lenyewe, sasa linakwenda kushoto!" Wakaliangalia tenga la kweli, nalo lilikuwa likizunguka vile vile, halina habari. Kivuli hakisemi ni fito gani iko mbele na ipi iko nyuma. Kichwa cha mtazamaji ndicho huamua, na kikichoka na uamuzi wake hubadili. Wakacheka mpaka Muhonja akashika mbavu.

Kisha Muhonja, kwa utundu tu, akalishusha tenga akatundika sufuria. Wakaisokota kamba, wakaiachia. Sufuria ikazunguka kwa kasi, na ukutani likasimama doa jeusi, halijui lolote, limekufa ganzi.

"Hii haifurahishi," Muhonja akasema.

Maximilla alikuwa ameganda. Alilitazama doa lile, akalitazama tenga sakafuni, na mkono wake ukaenda mfukoni kwenye lile jiwe lake la mtoni.

"Tenga lina fito," akasema polepole. "Mtu anafuata fito. Sufuria ni laini. Utafuata nini?"

Asubuhi hata uji hakunywa. Akakiweka chungu chake laini juu ya meza ya kuzunguka, akachanganya majivu na maji kidogo, akachovya ncha ya kidole akakidonadona chungu chote, madoa kila mahali kama kanga. Akazungusha.

Jamani! Chungu kikaja. Madoa yalitokea ukingoni yakijikokota, yakafika katikati yakatimua mbio, yakafika ukingo wa pili yakajikokota tena na kupotea. Ya kwenye tumbo yalikimbia kuliko ya shingoni. Na kwa mwendo huo wa madoa tu, tumbo likavimba kumwelekea, shingo ikarudi nyuma, mdomo ukajikunja. Alikinyooshea mkono na hakukikosa. Kulikuwa na mahali fulani ambapo madoa yaliacha kupishana, yakavuka yote pamoja kama askari wa gwaride. Akapagusa kwa kidole. Ndipo palipobonyea.

Mara moja, alipokuwa amekodoa mno, chungu kiligeuka ndani nje, kikawa bakuli tupu linalozunguka kinyume, akashtuka nusura aanguke kutoka kwenye kigoda. Akakishika. Mkono ukasema ni tumbo, jicho likatii. Akacheka peke yake kwa sauti, na jirani aliyekuwa akipita akajua kwamba kweli pepo yupo.

Tatizo ni kwamba kila aliposugua kwa lile jiwe, madoa yalifutika na chungu kikafa. Akapaka, akasugua, kikafa. Akapaka. Mwisho akaliangalia jiwe lake, lile lililompa jina, akaliweka juu ya rafu. Badala yake akachukua kamba ya kusokotwa, ile wafinyanzi wanayoiviringisha shingoni mwa chungu kuacha alama za urembo. Urembo huo huwekwa mwisho kabisa, na huwekwa shingoni peke yake. Maximilla akaanza mtungi wa Muhonja kwa kukiviringishia kamba kitako, na kila alipopandisha udongo akauviringishia kamba hapo hapo, ungali mbichi, kabla hata tumbo halijapata sura. Mtungi ukawa unakua ukiwa umeshavaa.

Kageha alipita kuona, akashika kiuno. "Wewe! Unapambanga kabla ya kumaliza? Hata mtoto huvalishwanga akishazaliwa!"

"Wangu amezaliwa na nguo zake, kukhu," Maximilla akasema, akimwita bibi kwa heshima, na meza ikaendelea kuzunguka.

Kikundi kizima kikamcheka. Mtungi uliovishwa mapema, wakauita. Yeye hakujali, au alijali lakini hakuwa na nafasi ya kuonyesha. Alizungusha, akafuata alama, akabonyeza hapa, akasukuma pale. Mtungi ukakauka kivulini taratibu, na siku ya moto ikafika.

Mitungi miwili iliwekwa mbele ya Kageha. Wa akiba ulikuwa umefinyangwa na Kageha mwenyewe, laini, shingo nyembamba, mzuri, usidanganywe. Wa Maximilla ulikuwa wa alama kitako mpaka mdomo. Roda alikuwepo, amefumbata mikono. Kageha akauzunguka mtungi wa Maximilla ameinama. Akaugonga. Akauzunguka tena kwa upande wa pili. Maximilla alikuwa amebana pumzi akiutazama mguu wa yule bibi, ule wa kupigia teke.

"Nani alikushikia?" Kageha akauliza.

"Hakuna."

"Usiniongopee. Huu uko sawa. Nani alikutazamia?"

"Ni hizi alama, kukhu. Zikitembea naona."

 Kageha akaagiza mtungi uwekwe juu ya meza ya kuzunguka, akafunika jicho lake moja kwa kiganja, akasema, "Zungusha." Ukazunguka. Yule bibi akawa kimya, jambo ambalo watu waliokuwepo wanalisimulia hata sasa.

"Ala," akasema mwishowe. "Kumbe." Akauinua mwenyewe na kuupeleka katikati ya kuni, mahali penye joto zuri.

Yote miwili ikatoka mizima. Maximilla akadhani mambo yameisha, lakini Roda alikuwa na lake.

"Wifi, uko sawa, nimeona. Lakini umekwaruza kila mahali. Watu wanajua vyungu vyako ni laini. Watauliza hiki ni nini. Ule wa Kageha unapendeza."

"Kwa hiyo?"

"Nimechukua yote miwili. Asubuhi ya harusi nitaamua."

Maximilla angeweza kugomba. Angeweza kusema, mimi ndiye senge, mara hii haitarudi, ukiniwekea mtungi wa mtu mwingine kwenye kichwa cha yule mtoto utakuwa umenizika mchana. Yote hayo yalifika kooni. Akayameza, kwa sababu alimwona Roda usoni, akaona mama anayeogopa kwa ajili ya mwanawe, na hilo hata jicho moja linaliona.

Siku ya harusi alichelewa makusudi. Hakutaka kuwepo wakati mama mtu anachagua. Alipofika kwa Were, uwanja ulikuwa umeshajaa watu, nyimbo zimepamba moto, magari ya Lugari yamepangwa nje ya ua. Akasimama langoni nyuma ya watu wote. Mbali kule, kwenye mlango wa nyumba, chini ya kivuli cha paa, bibi harusi alikuwa ametoka. Titus alikuwa kando yake na suti yake ya kijivu. Mtungi ulikuwa kichwani.

Mtungi gani?

Maximilla akayumba kushoto, akayumba kulia, akawasukuma watu na bega. Umbali ule kuyumba hakukufaa kitu. Kilichokuwa juu ya kichwa cha Muhonja kilikuwa doa la mviringo, jeusi, bapa, kama ile sufuria ukutani. Unaweza kuwa wa Kageha. Unaweza kuwa wake. Akashika nguzo ya lango, na nguzo nayo aliikosa mara ya kwanza.

"Tulieni!" mpiga picha akapiga kelele. Alikuwa ameinama nyuma ya kamera yake ya miguu mitatu, ameshawaonya kwamba pale kivulini picha inataka subira. "Msitikisike! Hata kupepesa macho, msipepese!"

Uwanja ukanyamaza. Titus akakauka kama mlingoti. Muhonja, mkono mmoja kwenye mtungi, akapitisha macho kwenye umati, kichwa hakigeuki, mpaka macho yake yakafika langoni. Akamwona senge yake ameshika nguzo.

Na Muhonja akazunguka.

Alizunguka taratibu, pale pale aliposimama, mtungi kichwani, gauni likifagia vumbi. Lile doa jeusi likaamka. Kitu kilianza kutembea juu yake, kikijikokota ukingoni, kikikimbia katikati, kikijikokota tena, alama juu ya alama, kitako mpaka mdomo. Tumbo likavimba. Shingo ikarudi nyuma. Mtungi ukakaa mahali pake juu ya kichwa cha yule mtoto, mzima, wa mviringo, umenyooka, na Maximilla akauona kuliko alivyowahi kuona kitu chochote tangu aondokewe na jicho.

"Bibi harusi!" mpiga picha alikuwa akilia. "Bibi harusi, unaharibu!"

Muhonja akazunguka tena mara ya pili, isije ikawa senge hakuona vizuri. Mashangazi wa Lugari wakadhani ndiyo mila ya watu wa huku, wakapiga vigelegele. Roda akatazama langoni, akaelewa, akajifunika uso kwa leso. Maximilla alilia kwa macho yote mawili, wala hakuona haya.

Ile picha ilisafishwa, na Roda ameitundika sebuleni mpaka leo. Titus ametoka vizuri sana, suti imeonekana hadi vifungo. Kando yake kuna ukungu mweupe usio na uso, na juu ya ukungu kitu cha mviringo kilichovurugika. Wageni huuliza ni nani huyo, na Roda huwaomba radhi kwamba mpiga picha alikuwa na haraka. Maximilla, kama yupo, huweka kikombe chake mezani na kuwaambia huyo ni Muhonja, na kwamba katika picha zote za harusi ile, hiyo ndiyo pekee aliyotokea vizuri.